Nilivyomlilia Mgeni wa New Orleans

Nichekeni mtakavyo, lakini samahani siombi.

Jirani yangu hapa ughaibuni, mtaani Auderghem, Maman Clarisse wa Lubumbashi, alinialika kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Koekelberg. Mgeni kutoka New Orleans, mji wa zamani wa bandari huko Marekani, angetuonyesha utamaduni wa kwao. Nikachelewa. Mlangoni nikakuta picha yake kubwa imezungushiwa maua. Ndani kuna jeneza, tarumbeta inalia polepole, na watu wanalifuata jeneza wameshika vitambaa vyeupe.

Nikajua mgeni wetu amefariki, tena ugenini.

Kwetu Morogoro msibani huulizi maswali, unalia kwanza. Nikavua viatu, nikajifunga khanga kiunoni, nikakaa chini katikati ya ukumbi. "Baba wee! Umekuja kutusimulia mji wako, umeondoka hata chai hujanywa!"

Mara tarumbeta ikachangamka, watu wakaanza kucheza. Kucheza msibani! Nikazidisha kilio ili waone aibu.

Maman Clarisse akanivuta mkono. "Maman, simama! Anatuonyesha tu vile banazikaka bantu kwabo. Mule mu sanduku hamuna muntu!"

Mpiga tarumbeta akageuka. Ni yule yule wa kwenye picha, mzima kuliko mimi. Akanisogelea, akaniuliza kwa Kifaransa, kwa upole kabisa, ninamlilia nani.

"Wewe," nikamjibu, machozi bado yananitiririka. "Na usinikatize, sijamaliza."