Gunzi kwenye Tangi la Petroli

Nilimpiga mdogo wangu na spana ya magurudumu pale Nyololo, mbele ya watu, na kosa lilikuwa langu. Naanza na hilo ili usije ukaniona mtu mwema halafu ukabadilisha mawazo katikati.

Gari yenyewe ni ile ya zamani tunayoiita kobe. Injini iko nyuma, tangi mbele, haina rejeta, inapozwa na upepo tu. Niliipata kwa padri mzungu aliyekuwa anarudi kwao, mimi nikiwa namtunzia bustani. Shule niliishia darasa la tatu, mwalimu alinivunja kidole kwa fimbo nikaona imetosha. Ufundi nimejifunza kwa kufungua na kufunga. Padri huyo alifuga nyuki pia, waliwahi kuua mbuzi wa watu, lakini ya nyuki tuyaache.

Asubuhi hiyo nilikuwa nyumbani Kihesa, simu ikalia. Ni binti yangu, ameolewa Mbeya na dereva wa lori la mbao. Ananong'ona.

"Baba, amenifungia ndani, amekwenda kunywa. Amesema akirudi ananimaliza. Njoo unichukue."

Nikampigia jirani yake, akaniambia ya mke na mume wao hawaingilii, na yule jamaa wanamwogopa.

Sasa sikiliza. Mwaka wa kwanza wa ndoa, binti huyu alikimbia akaja kwangu, jicho limevimba kama andazi. Mimi mwenyewe nikampandisha basi nikamrudisha. Nikamwambia mke huvumilia, hata mama yako alivumilia. Ni kweli alivumilia. Nilimpiga kwa mkanda, nikampiga kwa mwiko, siku moja nikampiga kwa mchi wa kinu, na mtoto amesimama pale anaona. Mama yake sasa ni marehemu. Kwa hiyo niliposikia ule mnong'ono sikuwa na haja ya kuuliza nani alimpeleka mle ndani.

Mdogo wangu alikuwa amelala kwangu. Yeye ni mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kule Kilolo, alikuwa ameleta madumu mjini.

"Kaka, tupande basi," akasema. "La saa tatu tunaliwahi."

"Basi la nini, nina gari? Mwanangu arudi na vyombo kichwani kama kibarua?"

Kiburi hicho. Kiweke akilini.

Kifuniko cha tangi kilipotea zamani. Naziba kwa gunzi la mahindi, kama mtu yeyote wa huku anavyoziba chupa. Ila petroli ilikuwa inaruka kwenye makorongo na kunuka ndani, basi juzi yake nililivika lile gunzi nailoni, nikalizungushia mpira wa tyubu, nikalisokomeza kwa nyundo mpaka likakaa. Nilijisifu sana.

Kobe ilianza kukohoa tulipopita Ifunda. Ikatetemeka kama mwenye malaria, ikazimika. Nikaenda nyuma, nikapiga msasa platini, vile vibati vya kuwashia cheche. Nikarudi mbele, nikang'oa gunzi, nikachovya kijiti tangini: mafuta tele. Nikagonga gunzi tena. Nikawasha, ikawaka.

"Platini," nikamwambia mdogo wangu.

Kabla ya Mafinga ikazimika. Nikafungua plagi zote nne, nikazisugua, nikachovya kijiti, nikaziba, ikawaka. Nikasema plagi. Mbele kidogo tena. Nikapuliza kabureta mpaka petroli ikanichoma midomo, nikachovya kijiti, ikawaka. Nikasema uchafu. Kila ilipozimika niliitukana tusi jipya, na kila ilipowaka nilijiona fundi. Basi la saa tatu likatupita likipiga honi.

Nyololo ikafa kabisa, katikati ya wauza viazi na vijana wa bodaboda.

"Babu, iwekee maji kwenye rejeta!"

"Haina rejeta, mjinga wewe."

"Sasa inapoa na nini?"

"Na upepo."

"Basi ipepee, babu! Mama, mpe babu ungo wako aipepee!"

Watu wakacheka. Mimi nimelala chini ya gari, oili ya moto inanidondokea shingoni. Simu ikatoa mlio. Ujumbe wa binti yangu, neno moja: Amerudi.

Nikampigia. Ikaita, ikaita, haikupokelewa.

Hapo kitu kikapanda kichwani. Nilitoka chini, nikachukua spana, nikaipiga kobe taa ya kulia, vioo vikamwagika. Nikapiga ya kushoto. Nikapiga mlango mpaka ukabonyea. Kicheko kikakatika. Mama wa viazi akavuta sinia lake kando.

Mdogo wangu akafungua boneti ya mbele, akainama juu ya tangi.

"Kaka, hili tangi linavutia hewa wapi?"

"Nini?"

"Dumu la ulanzi lenye bomba chini, usipolegeza mfuniko wa juu, bomba linakata. Umeliziba hili mno. Kila ukilifungua kuchovya kijiti ndiyo linapona. Siyo plagi wala..."

"Mlevi wewe, utanifundisha mimi gari?"

Akapeleka mkono kwenye gunzi. Nikampiga. Nililenga mkono, au labda niseme ukweli, sikulenga chochote, nilitaka kitu kivunjike. Spana ikamkuta mdomoni. Akakaa chini. Alitema damu, akatema jino, akaliokota, akaliangalia, akalitia mfuko wa shati. Hakunirudishia. Yeye ana nguvu kuliko mimi, anapanda na kushuka vilima siku nzima. Angetaka angenizika pale.

Akainuka, akashika gunzi kwa mikono miwili, akaling'oa.

Tangi likavuta pumzi, fyuuu, ndefu, kama mtu aliyeokolewa majini.

Wote tuliisikia. Kijana mmoja wa bodaboda akasema taratibu, "Lo, babu." Mdogo wangu akaomba msumari kwa mama wa viazi, akatoboa gunzi pamoja na nailoni yake, akaliweka.

"Washa."

Ikawaka mara moja. Haikukohoa tena mpaka Mbeya. Njia nzima mdogo wangu alishikilia leso mdomoni, nami nilikanyaga mafuta nikihesabu jinsi nilivyochezea saa mbili na nusu.

Tulimkuta kwa jirani, amekaa kwenye kigoda, mkono wa kulia umefungwa kwa kanga, mfupa umekatika juu ya kiwiko. Mume ameshakimbia na lori lake.

"Mzee, jamaa alirudi akamnyang'anya simu, akalala, saa nane binti alikuwa mzima," jirani akasema. "Kampiga na ubao saa tisa. Kelele zilipozidi ndiyo tukavunja mlango."

Sisi tulifika saa kumi.

Binti hakuniangalia. Alimwangalia mdogo wangu, mdomo uliochanika, shati lililolowa damu.

"Baba mdogo, nani kakupiga?"

"Nimejigonga na boneti, mwanangu."

Akaugusa ule mdomo kwa mkono wa kushoto. Halafu ndiyo akanigeukia, akaiona ile spana, sijui kwa nini nilikuwa nimeshuka nayo, ipo mkononi.

"Mama naye alikuwa anajigonga sana," akasema.

Kesho yake, amefungwa plasta, nikamwambia chumba chake Kihesa kipo vilevile. Akasema haji Kihesa, anakwenda Kilolo kwa baba yake mdogo. Niliwaendesha mimi. Walikaa wote wawili kiti cha nyuma, wamebanana na masufuria, na kiti cha pembeni yangu kikabaki wazi Mbeya mpaka Kilolo.

Gunzi lile ninalo hadi leo. Tundu lake nalizibua kila asubuhi kwa msumari uleule. Nikifika Kilolo mdogo wangu hunimiminia ulanzi, tunacheka, pengo lake linaonekana. Binti ananiamkia akiwa mlangoni, mkono haunyooki vizuri. Kigoda changu hukiweka nje.