Ulezi Ndani ya Spika

Harufu ya vumbi linalopata moto juu ya amplifaya ndiyo iliyoniambia kwamba leo ni Jumapili. Baba alirudi kutoka kanisani, akavua koti, akafuta santuri kwa kitambaa ambacho sisi watoto tulikatazwa hata kukigusa, kisha akakaa kwenye kiti chake katikati ya spika mbili zilizonifika kifuani. Nyumba yetu ya Chanji ilikuwa ndogo na zile spika zilikula nusu ya sebule. Baba alikuwa mtu wa Mbeya, karani wa serikali aliyehamishiwa Sumbawanga, na alizipata kwa mhandisi mmoja wa barabara, mgeni, aliyekuwa anarudi kwao. Alibadilishana naye kwa baiskeli. Miaka ile sukari tuliipangia foleni na kila siku tukihimizwa kuishi kijamaa, na yeye akawa anakwenda ofisini kwa miguu ili mradi asikilize besi. Kipendacho roho hula nyama mbichi. Balozi wa nyumba kumi alipokuja kuuliza kama yale makabati si ubepari, Baba alimkalisha kwenye kile kiti akamwekea kwaya, na mzee wa watu aliondoka jioni bila kuuliza tena.

Nisiwadanganye, spika zilikuwa na kasoro. Sauti nyembamba zilitoka safi, hata pumzi ya mwimbaji uliisikia, lakini besi ilivuma ovyo kama debe tupu. Baba alilijua hilo na lilimnyima raha. Aliziwekea matofali, akazisogeza mbali na ukuta, akarudi kukaa, akatikisa kichwa. Mimi, bintiye wa miaka tisa, nilikaa sakafuni karibu naye, na yeye alinifundisha kufumba macho na kusema kila ala imesimama wapi. Shuleni nilikuwa mzito wa hesabu. Pale sebuleni nilikuwa na akili, na nilijiona kwelikweli.

Kiangazi kimoja Bibi, mama yake Mama, alikuja kutoka upande wa Pito na debe la ulezi kichwani. Walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, ghala lake limebaki kwenye mahame, nyumba mpya haijaezekwa. Ule ulezi ulikuwa mbegu. Alipewa na mama yake alipoolewa, akawa anaupanda na kuuweka tena kila mwaka, na hata mwaka wa njaa hakuumaliza. Akiba haiozi, alisema, ila panya huila. Siku ya pili, Baba yuko ofisini na Mama yuko sokoni, Bibi alizunguka nyuma ya spika ya kushoto, akakuta tundu la mviringo, akagonga mbao, akanusa. Ndani pakavu. Yeye maisha yake yote alihifadhi mbegu kwenye chombo kisicho na mlango, kinachomiminiwa kwa tundu kisha kikazibwa, na hicho alikiona kizuri kuliko vyote. Alimsifu sana mkwewe kwa kukinunua. Mimi nilishika karatasi iliyokunjwa mfano wa mrija, tukamimina debe zima. Akaziba tundu kwa mavi ya ng'ombe na majivu, akaniambia mbegu ikishafichwa haitajwi, akarudi kwake.

Jumapili iliyofuata Baba alifumba macho, akayafumbua, akaniangalia. Besi ya kushoto ilikuwa imetulia. Ngoma ilipigwa, ikasikika, ikakoma pale inapotakiwa kukoma. Alisema hewa kavu ya Ufipa imezikomaza mbao, akawaeleza hivyo ofisi nzima, akaleta na wageni waje kushuhudia. Kwa miezi mitatu nilimwona baba yangu akiwa mtu wa furaha. Nilikaa kimya kwa sababu niliahidi, na kwa sababu niliipenda ile furaha kuliko kitu chochote.

Mvua za kwanza zilimrudisha Bibi, santuri ikiwa katikati ya kupigwa. Alipiga magoti mlangoni, akasalimia kwa kupiga makofi kama wafanyavyo Wafipa, akaulizia mbegu yake. Nyumbani kwetu mama mkwe na mkwe hawakusemezana ana kwa ana, neno lilipitia kwa mtoto. Kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama katikati kueleza ulezi uko wapi. Baba alikwenda nyuma ya spika, akashika ile samadi iliyokauka.

"Mwambie bibi yako nitamnunulia madebe mawili," alisema. "Huu auache."

Nikageuka, ingawa Bibi alikwishasikia.

"Mwambie baba yako, ulezi wa sokoni ni wa kula. Huu nisipoupanda, ndio mwisho wake."

Niseme ukweli, nilikuwa upande wa spika. Niliomba Baba akatae. Alisimama mpaka santuri ikaisha, kisha akatafuta bisibisi, akafungua mgongo wa spika, akachota ulezi kwa kikombe. Punje za kwenye pembe alizitoa kwa unyoya wa kuku. Alipomaliza alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alimgeukia Bibi mwenyewe.

"Mama, nisamehe. Nimeupigia kelele miezi mitatu. Usipoota, kosa ni langu."

Uliota. Kila Mama aliporudi kutoka Pito, Baba alimuuliza kwanza habari za shamba. Baadaye alijaza mchanga mahali pa ulezi, akasema si vibaya, lakini ule uso wa miezi mitatu sikuuona tena.

Leo naishi Dodoma, na spika nilizonazo Baba asingeamini macho yake. Besi ya spika hizi haina lawama. Mafundi wanakuja kuzisikiliza kwangu kama walivyokuja wale wageni wa ofisini. Mama, ambaye sasa ni mzee sana, nakaa naye. Mwaka jana aliniambia kwa upole kwamba zinamgonga kichwani, akauliza kama naweza kuzihamisha. Nilipima sebule nzima, na hapakuwa na mahali pengine zingesikika vizuri. Nikamjengea Mama chumba uani. Ni chumba kizuri, kina dirisha kubwa na mlango mzito, na Mama ananishukuru kila asubuhi.