Dada Yake Alitaka Kuwa Daktari

Binti yangu alikuwa mwaka wa pili wa sekondari ya juu, ule mwaka ambao walimu wa Sweden huanza kuwauliza watoto wanataka kusomea nini, na wazazi huanza kukosa usingizi. Ilikuwa mwaka wa themanini na nane. Tuliishi Farsta, ghorofa ya tatu, mimi na mume wangu na huyo binti wa miaka kumi na saba. Nilikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee. Mume wangu, aliyekuja kutoka Tanga kwa mafunzo ya ufundi na akabaki, alifanya kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala moja huko Jordbro.

Nyumbani kwetu neno lilikuwa moja tu: udaktari. Nilianza kulisema mtoto akiwa hajajua kufunga kamba za viatu. Nilihakikisha amechukua mkondo wa sayansi. Akisoma kemia nilimpelekea chai na machungwa niliyokwisha kuyamenya, kisha nikasimama mlangoni nikiutazama mgongo wake mpaka aseme, kwa Kiswidi, bila kugeuka, “Mama, nenda.” Wazazi wenzetu, Watanzania na Waganda tuliokuwa tukikutana Norsborg Jumapili moja moja, walikuwa na maneno yao: uhandisi, sheria, benki. Nilionekana mama kama mama wengine wote. Hakuna aliyeniuliza neno langu nililitoa wapi.

Nililitoa kwa mtoto mwingine.

Nilipomfuata mume wangu Stockholm, mwaka wa sabini ukielekea mwisho, nilikuwa na mimba changa, na kwetu Muheza, mkoani Tanga, nilimwacha kwa mama yangu binti yetu wa kwanza, mwenye miaka mitano. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja na jiko la kuchangia. Tukasema, tukipata nyumba tutamleta. Nyumba tukaipata, lakini mama akaomba aachiwe mjukuu mwaka mmoja zaidi, kwa kuwa alikuwa peke yake. Kisha mtoto akawa anafanya vizuri shuleni, na mimi ndiye niliyesema, kwa mdomo wangu huu, “Amalize la saba kwanza.” Akamaliza. Wiki tatu baada ya mtihani alishikwa na homa siku ya Alhamisi, na Jumapili akazikwa. Simu ya maandishi ilitufikia Jumanne. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Sikwenda. Mume wangu alisema tusubiri kidogo, nami nikakubali, na kusubiri kule hakukuisha. Binti yetu wa Stockholm alikuwa na miaka sita. Alituuliza mara mbili tatu kwa nini dada haji, tukamwambia kula, tukamwambia kalale. Baadaye hakuuliza tena, nasi tukaona afadhali.

Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Muheza nilikuwa mama wa yule. Stockholm watu walimjua huyu tu, wakaniita mama wa huyu, nami nikaitika. Kila nilipoitika nilisikia kama nimemsukuma mtu kidogo.

Lakini yule wa Muheza hakukubali kusukumwa. Aliendelea kukua. Huyu wa Farsta alipotimiza kumi, yule alikuwa na kumi na sita. Alipoanza sekondari ya juu, yule alikuwa na ishirini na moja, na nilijua hata urefu wake. Mwaka huo wa themanini na nane nilikuwa kwenye treni ya chini ya ardhi nikitoka kazini, nikamwona msichana mweusi amesimama mlangoni na mfuko wa vitabu, shingo ndefu, sikio moja limejitokeza kidogo kuliko jingine. Miaka ishirini na mitatu, ndiyo, nilihesabu. Aliposhuka Gullmarsplan nami nikashuka. Nilimfuata ngazini mpaka kituo cha mabasi. Akahisi, akageuka, akaniuliza kwa Kiswidi safi kama nimepotea. Sura haikuwa yake. Nikasema ndiyo, nimepotea, naye kwa wema wake akanionyesha njia ya kwenda Farsta, ambako nilikuwa nimeishi miaka kumi na minne.

Mwezi wa tatu tuliitwa shuleni, mzazi na mtoto, kuonana na mshauri wa masomo. Mume wangu alikuwa kazini. Mshauri alikuwa mama mwenye nywele fupi za mvi na miwani iliyoning’inia kifuani. Alifungua faili, akasifu hesabu za binti yangu, akaeleza udaktari unahitaji alama gani. Kisha akaniuliza kwa upole, “Je, nyumbani kuna mtu mwingine aliyewaza kwenda chuo kikuu? Kaka au dada mkubwa, pengine, wa kumshika mkono?”

“Dada yake alitaka kuwa daktari,” nikasema.

Sikujua nitasema. Kiswidi changu, ambacho siku zote kilinibidi nikitafute, siku hiyo kilitoka chenyewe.

Yule mama akatabasamu, akaandika. “Vizuri sana. Na sasa yuko wapi?”

Nilisikia kiti cha binti yangu kikikwaruza sakafu. Alikuwa amenigeukia mzima mzima.

“Tanga,” nikasema. Haukuwa uongo.

Tulitoka tukatembea, theluji chafu imelundikwa kando ya njia. Tulipofika karibu na maduka akasimama. Alisema kwa Kiswidi, polepole, kama anavyosema mtu na mgonjwa.

“Kwa hiyo yupo kweli.”

“Alikuwepo,” nikamjibu kwa Kiswahili.

“Si mimi niliyemtunga?”

“Umtunge vipi?”

“Mama, nilidhani nimemtunga. Watoto hujitungia rafiki. Nilikumbuka mkinionyesha ukuta wa chumbani, mkiniambia, dada akija kitanda chake kitakaa hapa. Kisha hakuna aliyesema tena. Miaka kumi na moja nadhani nina kasoro kichwani, kwa sababu ninamkumbuka mtu ambaye hayupo.” Akaanza kulia kwa hasira. “Mpaka leo silali upande wa ukuta ule. Unajua hilo? Hujawahi kuniuliza kitanda changu kwa nini kipo katikati ya chumba.”

Nilikuwa nikitandika kitanda kile siku zote. Sikuwahi kumuuliza.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini alimkuta binti yake anamngoja sebuleni. Hakumpa hata nafasi ya kuvua koti. “Baba, dada alikufaje?” Swali hilo alilisema kwa Kiswahili, na nadhani alilifanyia mazoezi. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha mlangoni tunachovalia viatu, akanitazama, kisha akamweleza: homa, hospitali ya wilaya, Alhamisi mpaka Jumapili. Alieleza yote kwa maneno machache, sauti kavu. Alipomaliza akaenda chumbani, akarudi na mkebe wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na barua za yule mtoto. Nilijua zipo, ila sikujua amezificha wapi, wala sikuwahi kuziulizia.

“Nisomee,” binti yangu akaniambia.

Nilijaribu, nikashindwa kuvuka mstari wa kwanza. Basi akazichukua akasoma mwenyewe. Kiswahili chake cha kusema kilikuwa kibovu, lakini herufi zetu hazimfichi mtu siri. Unasoma kama ilivyoandikwa. Akasoma: “Mpendwa mama na mpendwa baba, shikamooni. Mimi huku ni mzima, hofu ni kwenu mlio mbali. Je, huko kwenye dawati moja mnakaa wangapi? Mdogo wangu mwambieni chumba asikimalize chote.”

Nilisikia maneno ya mtoto wa Muheza yakitoka na lafudhi ya Stockholm, yanapanda na kushuka kama wasemavyo Waswidi, na sauti yenyewe, kule chini ya lafudhi, ilikuwa ileile. Nilikuwa sijui kwamba wana sauti moja. Nilishika meza. Mume wangu alifumba macho na hakuyafumbua mpaka barua zikaisha.

Zilikuwa saba. Binti yangu alizipanga mezani.

“Wapi amesema daktari?” akauliza.

“Humo.”

“Hapana. Hapa anataka kuwa mwalimu, kwa sababu mwalimu wao ana saa. Hapa anasema atauza vitambaa Tanga mjini ili kila siku avae kanga mpya. Hapa anataka kuendesha treni. Daktari hayupo.”

“Ipo barua nyingine,” nikasema.

Mume wangu akainua kichwa. “Zilikuwa saba, mama.”

“Ipo nyingine! Aliandika!”

“Zilikuwa saba.”

Nilizisoma tena zote siku iliyofuata, nikiwa peke yangu, na siku ya pili yake pia. Nilitazama mpaka ndani ya bahasha. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimeona kwa macho ya akili mwandiko wake ukisema mama nitakuwa daktari, hata wino wenyewe nilikuwa naujua, wa buluu uliokolea. Sasa najua kilichotokea, au nadhani najua. Palihitajika daktari Muheza zile siku nne na hakupatikana, nami nilikuwa jikoni Farsta nikipika. Lile neno nililitunga mimi, nikampa marehemu alishike, kisha nikamlazimisha aliye hai alitimize.

Nilimwambia binti yangu hivyo, kwa shida, baada ya wiki mbili. Hakunikumbatia, hatukuwa na desturi hiyo. Alisema, “Basi sasa niulize mimi.”

“Unataka kusomea nini?”

“Misitu.”

Nilidhani sikuelewa Kiswidi chake. “Msitu huu wa miti?”

“Huu wa miti. Kuna chuo Umeå, huko kaskazini.”

Nilisema mambo ambayo sasa yananichekesha. Kwamba nimetoka Muheza kwa kukimbia kuni na yeye anazirudia, tena kwa shahada. Kwamba Umeå ni mbali na kuna giza. Mume wangu, ambaye miaka yote aliniachia mimi habari za shule, aliweka kijiko chini akasema, “Mtoto amesema.” Akaendelea kula. Mwezi wa tano alimpakia kwenye gari akampeleka mwenyewe kukiona chuo, siku nzima ya safari kwenda na nyingine kurudi. Aliporudi alinieleza juu ya mwalimu mmoja mzee aliyewaonyesha kisiki na kuwafundisha kusoma miaka ya ukame na miaka ya neema ndani ya mti. Sijawahi kumsikia mume wangu akieleza jambo kwa muda mrefu vile.

Binti yangu alikuwa na sharti moja. Atamaliza kemia yake, ataleta alama nzuri, lakini kabla ya kwenda popote twende Muheza.

Tulikwenda kiangazi cha mwaka uliofuata, wiki chache baada ya yeye kuhitimu. Mume wangu hakupata ruhusa kazini, au hakuiomba, sikumbana. Mama yangu alikuwa amezeeka kuliko nilivyojiandaa. Macho yalikuwa yamekwisha, akiona kivuli tu. Alikaa kibarazani kwenye mkeka, akisikiliza hatua zetu. Nilimwamkia, akanishika kichwa, akanitambua. Kisha binti yangu akapiga magoti mbele yake kama nilivyomfundisha, akasema, “Shikamoo, bibi.”

Mama yangu akamwinamia. Mkono wake ukapanda shingoni mwa mtoto, ukapita sikioni, ukarudi.

“Marahaba,” akasema. “Mbona umekawia hivyo? Nilikwambia usikae juani. Umepona?”

Nilifungua mdomo nimwambie, mama, huyu ni mdogo wake. Binti yangu akaniwahi.

“Nimepona, bibi,” akasema.

“Alhamdulillah. Umekula?”

“Bado.”

“Basi mama yako akupikie. Amekuja siku hizi, mama yako?”

“Amekuja. Yuko hapa.”

“Haya,” mama yangu akasema, na uso wake ukalegea kabisa. Aliushika mkono wa binti yangu hadi wali ukaiva, na kwa siku tisa tulizokaa hakumwita kwa jina lake hata mara moja.

Kaburini tulikwenda sote watatu, tukimwongoza mama. Binti yangu alisimama mbele ya kijiwe kidogo, mkono mmoja ameshikwa na bibi anayedhani mjukuu yule amerudi. Sikujua nimwombee nani. Tulipotoka nilimuuliza kwa Kiswidi, ili mama asielewe, kama hakuogopa.

“Niliogopa,” akasema. “Lakini mtu mmoja alitakiwa amjibu.”

Septemba alianza Umeå. Siku ya kumpeleka, mume wangu alibeba masanduku mpaka chumba chake cha wanafunzi, kitanda kimoja, meza, rafu, dirisha linalotazama misonobari. Binti yangu hakungoja hata tuvue makoti. Alishika kitanda upande mmoja, baba yake upande mwingine, wakakisogeza mpaka kikagota ukutani.