Ijumaa Ambayo Jina la Wanja Halikusomwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu stensili nne kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa shule ya kutwa karibu na Ishiara, nami nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne na kozi ya kupiga chapa mjini Embu. Nilidhani najua kazi. Mwalimu Mkuu wa pale, mzee mrefu aliyevaa koti hata jua la Mbeere likiwaka, alisimama nyuma yangu akaitazama ile ya nne.

"Kijana," akasema, "unapiga hiyo mashine kama unapura ndengu. Itakuchukia."

Kwa nyinyi wanafunzi mnaosoma Habari za Ijumaa, gazeti hili la shule, kwenye simu za wazazi wenu, wacha nieleze. Stensili ilikuwa karatasi laini iliyopakwa nta. Ulizima utepe wa wino kwenye taipureta ili herufi igonge nta na kuikata. Ukigonga kwa woga, herufi haitoki. Ukigonga kwa nguvu, tumbo la herufi o linadondoka, na kila nakala itakuwa na vitone vyeusi kama imemwagiwa pilipili manga. Ukikosea, ulipaka dawa nyekundu kama rangi ya kucha, ukapuliza, ukangoja ikauke, ukagonga tena. Kisha stensili ilivishwa kwenye saiklostaili, mashine yenye pipa la wino na mkono wa kuzungusha, nawe ukazungusha mpaka bega lilie. Nakala zilitoka zikiwa na maji maji, na vidole vyangu vilikuwa vyeusi hata kanisani.

Nilikaa Ishiara miaka sita. Yule mzee alinifundisha kugonga kila herufi kwa uzito wake: nukta kidogo, herufi m kwa nguvu. Halafu nikasikia kuwa shule ya wasichana ya bweni upande wa Githongo inatafuta karani. Niliomba, nikachukuliwa, na huko ndiko nilikofanya kazi nzuri kuliko zote maishani mwangu, na pia ile mbaya kuliko zote.

Mwalimu Mkuu wa Githongo tulimwita Madam. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka, na alijua kila msichana kwa jina na kwa kijiji alikotoka. Ndiye aliyeanzisha Habari za Ijumaa. Ilikuwa karatasi moja, pande mbili. Mbele ziliandikwa habari za wiki: mpira wa wavu tumeshinda au tumeshindwa, ng'ombe wa shule amezaa, upepo umeng'oa mabati ya bweni. Nyuma palikuwa na kichwa kimoja, TUMEWAONA, na chini yake majina matatu ya wanafunzi waliofanya jambo la kutambuliwa. Ijumaa asubuhi, bendera ikishapandishwa, Madam alisoma ukurasa wa nyuma kwa sauti yake mwenyewe. Aliyetajwa alipita mbele akapewa nakala yenye muhuri wa shule apeleke nyumbani. Nimeziona nakala hizo zimebandikwa kwenye kuta za nyumba za Githongo, kando ya kalenda ya chama cha kahawa.

Majina yalitoka kwenye sanduku la mbao lililotundikwa nje ya ofisi yangu. Yeyote aliruhusiwa kutia karatasi: mwalimu, mwanafunzi, mtunza bustani, mlinzi.

"Bwana Mwirigi," Madam aliniambia siku niliyoripoti, "ukifungua hilo sanduku, kila karatasi inakuja kwangu. Wewe unapiga chapa. Huchagui."

"Sawa, Madam. Lakini hata za wafanyakazi?"

"Hizo ndizo nataka. Mwalimu anaona darasa. Hiyo shule ingine yote, ni nani anaiona?"

Mwaka wa kwanza nilitii. Kila Jumatatu nilimpelekea karatasi zote zikiwa zimebanwa pamoja, chafu na safi. Nyingine zilikuwa mzaha. Kuna msichana aliyempendekeza ng'ombe wa shule kwa kutochelewa kukamuliwa hata siku moja, na Madam alicheka mpaka akavua miwani. Lakini mwaka wa pili kazi zilimzidi, nami nikaanza kumpelekea orodha moja safi niliyopiga chapa, badala ya zile karatasi. Akasema, "Umenisaidia." Kuanzia hapo orodha ikawa yangu. Za walimu zilipita. Za mtunza bustani na mlinzi zilibaki kwenye droo. Sikuwa na chuki na mtu. Nilipenda tu kwamba wasichana walijua, na walinisalimia kwa adabu kuliko walivyomsalimia mwalimu wa zamu.

Jumatatu moja, muhula wa pili, nilikuta ndani ya sanduku kipande cha pakiti ya unga. Kilikuwa kimeandikwa kwa penseli, herufi kubwa zilizoegemeana kama watu waliochoka, moja mbili zikiangalia nyuma. Kilisema: WANJA WA FORM 3 ANANIFUNZA KUSOMA JUMAMOSI. MAMA KENDI WA JIKO.

Mama Kendi alikuwa mpishi wetu mkuu. Wanja alikuwa msichana mkimya kutoka upande wa Ishiara, mzuri katika sayansi. Nilicheka peke yangu. Niliona aibu kuorodhesha kitu kama hicho kati ya maandishi ya walimu, nikakitia kwenye droo. Sikufikiri hata dakika moja kwamba yale maandishi yenyewe ndiyo yalikuwa kazi ya Wanja, kwamba mwanamke mzima ambaye hakuwahi kuandika kitu alikuwa ameandika.

Ijumaa hiyo, Mama Kendi, ambaye kwa kawaida hakutoka jikoni wakati wa paredi, alisimama mlangoni pa jiko, amevaa aproni iliyopigwa pasi. Alisimama mpaka jina la tatu likasomwa, kisha akaingia ndani. Nilimwona. Nikadhani anamngoja mtu wa kuleta sukuma wiki.

Wakati huo mikate ilikuwa ikipotea, na Naibu wa Mwalimu Mkuu alikuwa amepiga marufuku mwanafunzi yeyote kukanyaga jikoni. Naibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilikuwa imevunjwa. Jumamosi iliyofuata alimkuta Wanja ameketi kwenye ngazi ya stoo ya jikoni, peke yake. Alipoulizwa anafanya nini pale, Wanja hakusema kwamba anamngoja Mama Kendi aje asome. Mama Kendi alikuwa amemwomba tangu mwanzo asimwambie mtu, maana wanawake wenzake wa jikoni wangemcheka. Msichana hakujua kwamba Mama Kendi mwenyewe alikuwa ameshasema, kwa penseli, kwenye sanduku langu.

Jumatatu Mama Kendi alikuja ofisini, mikono bado na unga. Naibu alikuwa amesimama kando ya meza yangu.

"Mwalimu, huyo mtoto hajaiba. Ananifunza kusoma."

"Mama Kendi, wewe si unasaini daftari la stoo kila siku?"

"Hiyo nachora tu jina. Dada yangu alinionyesha kitambo."

"Na leo ndio naambiwa?"

"Nilisema. Niliandika nikatia kwa sanduku. Uliza karani."

Naibu akageuka. "Karani, kuna karatasi kama hiyo?"

Droo ilikuwa inagusa goti langu. Kusema ndiyo kulikuwa kusema kwamba nilikuwa nachagua, na kwamba Madam alikuwa akipelekewa nilichotaka mimi aone.

"Mwalimu, sijaiona," nikasema.

Mama Kendi alinitazama. "Basi," akasema, akarudi kwa sufuria zake.

Naibu aliona kwamba mpishi anamfunika msichana. Wanja alitumwa nyumbani majuma mawili. Alhamisi ya juma hilo hilo yalikuwa mashindano ya sayansi ya wilaya, na yeye ndiye aliyekuwa ametengeneza sanduku la kukaushia maembe kwa jua ambalo shule yetu ingeonyesha. Msichana mwingine alienda kulieleza. Alijitahidi, maskini, lakini hakuwa amelitengeneza yeye, na waamuzi walipouliza maswali ilijulikana. Nafasi hiyo Wanja hakuipata tena. Mwaka uliofuata alikuwa kidato cha nne, na darasa hilo halikushiriki.

Siku ya nane tangu Wanja atumwe nyumbani, Mama Kendi aliniletea chai kama kawaida. Hakuondoka. Alichukua nakala ya Habari za Ijumaa iliyokuwa mezani, akaigeuza ukurasa wa nyuma, akapangusa kidole kwenye aproni. Kisha akasoma kwa sauti. Alisoma neno moja, akapumua, akasoma lingine. Ukurasa wote. Chai yangu ilipoa nikimsikiliza.

Alipofika mwisho akairudisha mahali pake. "Jina lake sijaliona," akasema. "Lakini mimi nasoma pole pole, pengine nimeruka. Wewe karani nionyeshe."

Hapakuwa na dhihaka katika sauti yake, na ndiyo maana sikuweza kujitetea. Nilifungua droo.

Nilimkuta Madam akisahihisha vitabu. Niliweka kile kipande cha pakiti ya unga mbele yake, nikamweleza yote, pamoja na uongo niliomwambia Naibu. Alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Ziko ngapi zingine?"

Nilienda nikaleta droo yenyewe. Alisoma karatasi moja moja mpaka kengele ya chakula cha mchana ikalia. Hakuinua sauti.

"Hawa wote walionwa na mtu," akasema, "na mimi sikuambiwa." Halafu akachukua kalamu. "Naandika barua. Kesho unaipeleka Ishiara. Wewe, si posta."

Njia niliijua. Baba yake Wanja nilimkuta akirekebisha ua wa mbuzi, na Wanja alikuwa uwanjani akipepeta ndengu. Mzee aliacha kazi akaninawisha mikono kwa maji ya kibuyu.

"Karibu, mwalimu."

"Mimi si mwalimu, mzee. Mimi ni karani."

"Kama unatoka shule, ni mwalimu. Keti."

Wanja alisoma barua, akimtafsiria baba yake kwa Kimbeere mstari kwa mstari. Ilisema kwamba msichana hakuwa na hatia, kwamba ofisi ilikosea, na kwamba anaombwa arudi mara moja. Mzee akaichukua barua, akaikunja.

"Ofisi imekosea," akasema. "Hiyo ofisi ni nani?"

Alikuwa akiniuliza mimi. Nilitazama ndengu zilizoanikwa. "Ni shule tu, mzee," nikajibu.

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyejibiwa. Wanja alinitazama kidogo, kisha akauliza, "Mama Kendi amefika wapi?"

"Amenisomea ukurasa mzima."

"Bila kusaidiwa?"

"Bila."

Alicheka, akaweka ungo chini, akaenda kufunga sanduku lake. Nimefanya kazi na walimu wengi na wakubwa wengi, lakini sijaona mtu mkubwa kuliko msichana yule, aliyefukuzwa kwa kutunza siri ya mwingine, na jambo la kwanza aliloulizia ni mwanafunzi wake.

Kwa toleo la Ijumaa iliyofuata Madam aliniamuru nipige maneno ya Mama Kendi kama yalivyo, bila kurekebisha kitu. "Halafu chini yake," akasema, "andika mwenyewe jinsi ilivyokuwa." Niliketi mbele ya stensili muda mrefu. Niliandika: "Habari hii ilichelewa kutokana na kosa la ofisi." Nilipompelekea hakusahihisha. Kwenye paredi, akiwa na Wanja kulia na Mama Kendi kushoto, alifika kwenye neno *ofisi*, akasimama, akanitazama juu ya miwani, kisha akaendelea. Wasichana walipiga makofi mpaka ndege wakatoka kwenye mierezi. Naibu alimwendea Wanja mbele ya shule nzima akamwomba msamaha. Yeye aliweza.

Baadaye nilihamia shule moja ya mjini Meru, karibu na Makutano, ambako malori yalitetemesha taipureta mpaka ikaletwa kompyuta. Huko nilijifunza upya kila kitu nikiwa na mvi, na walimu vijana walinivumilia. Lakini sanduku niliomba litundikwe, na kila karatasi niliipeleka kwa mkubwa wangu, chafu na safi, mpaka siku niliyostaafu. Katika kazi ya karani mnaweza kukosea herufi, na dawa nyekundu ipo. Mtu mliyemwacha nje hamna dawa ya kumpaka.

Sasa nachuma kahawa yangu Githongo. Mama Kendi naye amestaafu, yuko ng'ambo ya mto. Jumapili nyingine hupewa somo asome kanisani. Husoma pole pole, kidole kwenye mstari, na hakuna anayekohoa. Mimi hukaa benchi la tatu. Kila mara akimaliza hunisalimia, "Karani, nimeruka?" nami humjibu, "Hapana, Mama Kendi, hujaruka."

Mwalimu anayesimamia Habari za Ijumaa aliniomba niwaandikie jinsi tulivyowatambua wanafunzi zamani. Nimeandika. Namwomba asipunguze sehemu hii ya mwisho hata kama nafasi ni ndogo. Baba yake Wanja aliniuliza swali nyumbani kwake, akaninawisha mikono kwanza, nami nikamjibu uongo. Mzee, ofisi ilikuwa mimi. Mwirigi, karani.