Mbega wa Koti Jeusi

Kwanza lieleweke: kile kitu kilichofukuliwa kando ya mfongo, mfereji wetu wa maji huku Old Moshi, hakikuwa kafara. Hakikutoka kwa mganga, na katika ukoo wa marehemu Melkior hakuna anayemjua mganga hata kwa jina. Alikuwa mbega wa kitambaa, kazi ya mikono ya Loveness, tena mikono ambayo sindano ilikuwa haijaizoea.

Loveness ni mke wa Eliamini, mpagazi wa mlimani. Anaishi na mama mkwe wake, Mwalimu Elisifa, mjane wa Melkior. Mimba yake ya kwanza ilipoanza kuonekana, alitaka mtoto awe na mwanasesere asiyetoka dukani. Akachagua mbega, kwa sababu tangu utotoni alipenda ule mkia mweupe unaoning'inia mitini kule juu msituni. Mwalimu alifungua sanduku, akatoa koti jeusi la mumewe, lile la kanisani.

"Mama, nitaliharibu."

"Mwenye koti hana baridi tena. Kata. Ila kata kwa akili."

Akili haikutosha. Loveness alichora umbo kwenye gazeti, akakata vipande viwili, akavishona pande zote bila kuacha mahali pa kugeuzia. Doris, jirani yao mwenye cherehani, alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Sasa hiyo sufi utaipitisha wapi, mama? Puani?"

Wakafumua. Doris akamwelekeza: nyuso za kitambaa zitazamane ndani, sindano irudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele, penye kona ukate vijimkato ili kitambaa kisijikunje, na tumboni uache nafasi ya vidole viwili. Sufi ichambuliwe kwanza, ianzie mikononi na miguuni, kidogo kidogo. Loveness hakuwa na subira hiyo. Mkono mmoja ulitoka mrefu kuliko mwenzake, na tumbo akalishindilia.

"He! Mbega wako ana mimba kubwa kuliko yako!"

"Basi tutazaa pamoja."

Walicheka wote, hata Mwalimu, ambaye hacheki ovyo.

Mtoto alizaliwa kimya. Eliamini alikuwa juu na mizigo ya watalii, mahali ambapo simu haishiki. Huku kwetu mtoto ambaye hakulia hawekewi matanga. Majirani waliambiwa tu kwamba mambo hayakuwa mema, nao wakadhani yaliishia hospitalini. Lakini Mwalimu na shemeji yake Filemon walimleta nyumbani, wakamzika pembeni mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, chini ya migomba. Udongo ulipofika katikati, Loveness akamlaza mbega juu yake. Kisha Mwalimu akapanda mche mmoja wa masale.

"Watu wakiuliza, Mama?"

"Hawataambiwa, na wao wasituulize. Haya ni ya kwetu."

Loveness akatii. Maziwa yalikuja, hayana mnywaji. Akawa anayakamulia kwenye kitambaa nyuma ya zizi, na kitambaa anakifua mwenyewe.

Kosa lilikuwa kwenye ule mche. Masale hupandwa makaburini, lakini mipakani pia, na mfongo wetu hufuata mpaka. Wanaume walipokuja kuzibua mfereji waliona masale, wakadhani ndiyo alama, wakaanza kupanua hapo hapo. Jembe likamwinua mbega, amelowa, tumbo limepasuka. Hawakuchimba zaidi, Mungu ashukuriwe. Walikimbia.

Mzee Ebenezeri, msimamizi wa mfongo, alirudi na mafuta ya taa.

"Kichomwe kabla maji hayajafunguliwa. Sisi hatunyweshi ng'ombe uchawi."

"Angalia na kitambaa," mmoja akadakia. "Si koti la marehemu hilo? Wamemshona mzee wa watu!"

Doris alifika, akamtambua mbega, akamgeukia Mwalimu, aliyekuwa ametoka nyumbani kwa zile kelele. Mwalimu alisimama wima, kilemba hakijasogea. Kumwokoa mbega kulitaka aseme, na kusema ndiko alikokukataa tangu siku ile. Ebenezeri akawasha kiberiti.

Loveness akatoka migombani pekupeku, akaingia mferejini.

"Usimchome, babu. Ni wa mwanangu. Mwanangu yuko hapo chini yako."

Ebenezeri alitazama miguu yake, akarudi nyuma, kiberiti kikamuunguza vidole. Majembe yakashuka moja moja. Aliyesema habari za koti alivua kofia.

"Mwalimu," mzee akasema taratibu, "mbona hukutuambia?"

Doris alikimbilia nyumbani kwake, akaja na uzi na sindano, akaanza kutunga uzi. Loveness akampokonya. Alikaa kwenye nyasi mbele ya wanaume wote, akarudisha sufi iliyotoka, mbichi hivyo hivyo, akalifunga tumbo pole pole. Safari hii alikuwa na subira. Kisha akamlaza tena, na Filemon akafukia. Mfereji ukapindishwa mbali na pale.

Waliokuwepo wanajua hivyo. Wanaoendelea kusema kafara hawakuwepo.

Jioni ile Doris alibaki uani, akamsogelea Mwalimu.

"Samahani, Mwalimu. Mtoto alipewa jina?"

"Alipewa."

"Anaitwa nani, nimtaje katika sala?"

"Hilo siwaambii. Nenda nyumbani, Doris."