Mdhamini wa Tatu wa Daktari Koku

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika hospitali ya misheni kule Karagwe na matope ya njia ya migombani hadi kwenye vifundo vya miguu, koti langu jeupe nimelikunja kwapani lisichafuke. Nilikuwa tabibu, yaani mtu aliyesomea kutambua magonjwa na kuyatibu lakini ambaye bado si daktari kamili. Nilitegemea kupewa chumba na kiti. Mganga mfawidhi, ndiye mkuu wa hospitali, alinitazama mara moja tu, akanikabidhi kwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi.

"Umekuja kutibu au kutembeza koti?" yule mama aliniuliza.

"Kutibu, mama."

"Basi livae. Humu halitabaki safi hata ukilificha."

Kwake nilijifunza raundi, ule msafara wa asubuhi wa kupita kitanda kwa kitanda. Nilijifunza kuisoma partografu, chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua, mistari yake ikipanda kama njia za milima yetu. Nilikuwa mdadisi kupita kiasi. Niliuliza kwa nini huyu ametokwa jasho na yule hakutokwa, mpaka wauguzi wakawa wananikimbia.

Baadaye nilihamishiwa zahanati moja kata ya Kibingo, na nikiwa huko niliomba kwenda kusomea udaktari msaidizi, ngazi iliyoturuhusu kufanya upasuaji wa kujifungua. Enzi hizo hukuchagua mtu wa kukusemea. Mkuu wako aliandika barua, akafunga bahasha, basi. Lakini mganga mkuu wa wilaya tuliyekuwa naye alikuwa na utaratibu wake. Kabla hajashika kalamu alinikalisha mbele yake.

"Nitajie mgonjwa mmoja tuliyemhudumia wote wawili, mimi na wewe."

Nikamtaja mzee mmoja wa ngiri aliyeletwa kwa machela.

"Mwingine?"

Nikamtaja mwingine. Akaridhika. Nilipoinuka nikashindwa kujizuia. "Mheshimiwa, utaandika nini?"

"Unatamani kujua?"

"Sana."

"Endelea kutamani," akasema, akacheka, akanionyesha mlango.

Niliporudi kutoka masomoni nilipangiwa kituo cha afya upande wa Kaisho, na huko nikakaa hadi nilipostaafu. Utaratibu wa barua nao ukabadilika. Siku hizi daktari anayetaka kusomea ubingwa hujaza mwenyewe majina ya wadhamini watatu kwenye mtandao. Chuo huwaandikia wadhamini hao moja kwa moja, nao hujibu moja kwa moja. Mwombaji haoni kitu. Kazi ngumu sasa ni kuchagua, na ugumu huo niliuona wazi siku aliponijia Koku.

Koku ni binti wa jirani yangu. Nilimjua tangu anajifunza kutambaa kati ya migomba yao na yetu. Wakati huo alikuwa daktari wa hospitali moja ya mbali na nyumbani, na alitaka kusomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Mwajiri alikuwa amempa ruhusa ya masomo ya mwaka ule tu. Akikosa nafasi chuoni, ruhusa inakwenda kwa mwenzake, na zamu yake haijulikani itarudi lini.

Alikuja na baba yake. Mzee alikuwa amevaa koti la kanisani, ana mkungu wa ndizi begani na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni tunayemheshimu. Nilipouona mkungu nilijua wamekuja kuniomba jambo.

"Shikamoo, mzee wangu," Koku alisema.

"Marahaba, mwanangu. Habari za wagonjwa?"

Baba yake hakusubiri habari za wagonjwa. "Daktari, tumeshapata wadhamini. Mchungaji mstaafu, diwani, na wewe."

Nikaelewa mara moja. Kwetu ukienda kuposa unatafuta mshenga mwenye jina, mtu mzima ambaye akisimama kwa watu anasikilizwa, naye anausifia ukoo. Mzee alikuwa amewachagulia chuo washenga watatu.

"Baba Koku, mchungaji amewahi kumwona Koku akishona tumbo?"

"Amemwona akibatizwa!"

"Na diwani?"

"Diwani anaijua familia. Chuo ni watu, waitu, ndugu yangu. Na watu lazima waulize, huyu binti ni wa nani?"

"Hawataliuliza hilo, baba," Koku alisema taratibu.

"Wasipouliza, basi hawana malezi." Akanigeukia. "Haya, wewe je? Wewe ni daktari."

Ilikuwa vigumu. Kahawa yake ilikuwa tayari mdomoni mwangu. "Mimi sijafanya kazi na Koku hata siku moja. Wakiniuliza nimemwona akifanya nini, niseme anamenya ndizi vizuri?"

"Hata hilo hawezi," mzee akanung'unika, na Koku akacheka kwa mara ya kwanza.

Nikamuuliza yeye mwenyewe kama nilivyoulizwa zamani: nani alihudumia wagonjwa pamoja nawe? Akamtaja mganga mfawidhi wake wa sasa. Akamtaja daktari aliyemsimamia alipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo.

"Wa tatu?"

"Yupo Dokta Byarugaba, bingwa wetu. Nimeingia naye chumba cha upasuaji mara nyingi kuliko mtu yeyote. Lakini siwezi kumwomba."

"Kwa nini?"

Akatazama chini. Alitueleza habari za mama mmoja aliyejifungua salama, kisha mji wa mimba ukakataa kukaza, damu ikawa haishiki. Koku alimpokea, akampa dawa, akamwita Byarugaba, wakampasua pamoja. Mama akafariki, mtoto akabaki. Kwenye kikao cha mapitio, ambapo kila kifo cha mzazi hujadiliwa hatua kwa hatua, Koku alisimama akasema alichofanya na alichochelewa kufanya. Byarugaba hakusema neno, siku ile wala baadaye.

"Akiandika, ataandika hilo," Koku alisema. "Nami nafasi ninayo hii moja."

"Inawezekana," nilimjibu. Nilichokuwa nacho ni ule udadisi wangu wa zamani, nikamuuliza: mtu aliyenyamaza muda wote huo aliona nini?

Koku akatoa simu, akampigia Byarugaba palepale mbele yetu, sauti ameifungulia ili sote tusikie.

"Nani?"

"Koku, dokta. Shikamoo. Naomba uwe mdhamini wangu."

Kuku wakapita uani. "Na yule mama je?" Byarugaba akauliza. "Nikiandika, siwezi kumruka."

Baba yake akatikisa kichwa kwa nguvu, akimwashiria akate simu.

"Usimruke, dokta," Koku akasema.

"Sawa. Jaza jina langu." Akakata.

Mzee aliondoka kwangu bila kuaga vizuri. Kwa wiki kadhaa alinipita njiani kama mtu asiyenijua, na sikumlaumu. Nilikuwa nimemsaidia mwanawe kuweka nafasi yake yote mikononi mwa mtu mmoja mkimya.

Sasa nimestaafu, napalilia kahawa, nalala mapema. Nimesimamia vijana wengi na nimewaandikia wengi wao, na hakuna aliyewahi kusoma nilichoandika. Nami sijasoma hata mstari mmoja ulioandikwa juu yangu, ingawa mistari hiyo ndiyo iliyonifikisha nilikofika. Sina uchungu nalo. Ninachojiuliza tu, nikiwa kati ya miche, ni kitu gani hasa mtu mwingine hukiona kwako na kukiweka moyoni, wakati wewe una hakika amekumbuka kingine.

Koku alipita kuniaga kabla ya kwenda chuoni. Baba yake alikuwa naye, na safari hii alinisalimu. Nikamuuliza binti usaili ulikuwaje.

"Niliingia nimejiandaa kuulizwa habari za damu," alisema. "Dawa zote, dakika zote, nilikuwa nazo kichwani. Profesa mmoja akafunua barua za wadhamini wangu, akaniuliza, yule mtoto anaendeleaje?"

"Mtoto gani?" baba yake akauliza.

"Wa yule mama. Kila nikipata siku ya mapumziko huwa nampeleka kliniki mimi mwenyewe, nampima uzito. Bibi yake hana nguvu za kutembea mpaka hospitalini. Sikuwahi kumwambia mtu."

"Ukajibuje?" nikamuuliza.

"Nilisahau kwamba niko kwenye usaili, mzee wangu. Nikawaambia ameota meno mawili."