Aliandikia Shirika la Ndege kwa Jina Langu

Admin, ficha jina langu na la shule ninayofundisha, maana hapa Makindu tunajuana. Nina miaka ishirini na tisa, ni mwalimu wa fizikia, nimeolewa miaka minne na tuna msichana wa miaka mitatu. Kabla niolewe nilisomea urubani Nairobi. Baba yangu ndiye alikuwa ananisomesha, na alipofariki nikaachia hapo, nikiwa na leseni ya ndege ndogo na masaa hamsini na mawili ya kuruka. Mume wangu aliyajua haya yote. Wakati ananichumbia alikuwa akiwaonyesha marafiki zake picha yangu nikiwa nimeketi kwa usukani wa ndege.

Mwaka huu shirika moja la ndege likatangaza kwamba litasomesha marubani kwa gharama yake, na wale ambao wamewahi kuruka wataanzia mbele kidogo. Nilijaza fomu, nikapiga picha kila ukurasa wa kitabu changu cha masaa, nikaenda kupimwa macho na moyo. Mume wangu nilimwambia. Alisema nijaribu, akaendelea kutazama mpira. Niliposema mafunzo ni mwaka mmoja na nusu mbali na nyumbani, akaongeza sauti ya TV.

Nikangoja wiki tatu. Kisha jamaa mmoja wa Kitui tuliyesoma naye urubani akanipigia kuuliza nimepewa tarehe gani ya mahojiano, yake ameshapata. Nikapigia ofisi yao simu nikiwa nyuma ya maabara. Mama aliyeshika akaniambia kwa upole kwamba nilijiondoa mwenyewe, akanisomea imeli. "Kwa sababu za kifamilia, naomba jina langu liondolewe." Ilitumwa Jumapili asubuhi, saa ile nafundisha watoto kanisani, na simu nilikuwa nimeiacha nyumbani ikichaji. Chini kulikuwa na jina langu pamoja na la baba yangu, lile ambalo mume wangu tangu harusi hajawahi kuniita nalo hata siku moja.

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa anakula. Nilimuuliza kama ni yeye. Hakukana.

"Ningekuuliza ungekataa," akasema. "Ndio maana sikukuuliza. Mke wangu hatalala kwa mahoteli na makaptaini."

Nilimwondolea sahani mbele yake nikaenda kuosha. Tangu hiyo siku simpikii, na sioni aibu kusema. Aliita mama yake kutoka Kitui aje atupatanishe. Mama mkwe hakuuliza kijana wake chochote. Aliniketisha akaniuliza, "Huku chini unakimbia nini, mama?" Nikamwambia namkimbia mtoto wake. Alilia, akaniombea roho ya kiburi initoke, na mume wangu akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko zote. Namchukia. Nimeandika hilo neno nikiwa nimetulia, na sitalifuta.

Lakini kuna kitu hawajui. Yule mama wa ofisini aliniambia wakubwa wake wanaweza kunirudisha nikileta kiapo cha wakili kwamba si mimi niliyeandika, na nimtaje aliyeandika. Nikaenda kwa wakili nikaapa, nikamtaja mume wangu kwa majina yake yote matatu. Wakili akanieleza kwamba kuandika kwa jina la mtu mwingine ni kosa, na kiapo hicho hicho naweza kukipeleka polisi. Nakala iko kwa begi langu la shule.

Shirika limenirudisha. Mahojiano yangu ni Alhamisi. Mama yangu anayeishi Tseikuru amekubali kukaa na mtoto, na Jumatano nampeleka, baba yake anajua tu kwamba anaenda kusalimia nyanya. Yeye mwenyewe juzi aliniambia amefurahi kwa vile nimetulia. Nikaendelea kusahihisha vitabu vya wanafunzi.

Sasa nishaurini, ndugu zangu. Kwenda nitaenda, hilo msijisumbue nalo. Ninachouliza ni kama Ijumaa nirudi kwa hii nyumba, ama nibaki huko kwa mama na mtoto moja kwa moja. Na hicho kiapo nikipeleke polisi, ama nimwachie kwa sababu ni baba ya mtoto wangu? Mkitaka kuniambia nimsamehe, kwanza mniambie kama nyinyi mmewahi kuandikiwa barua kwa jina lenu na mtu mnayelala naye.